Kamba Chini ya Unga wa Wimbi

Acha niseme ukweli mwenyewe, kabla watu wa kijijini kwetu Gesima hawajaniongezea chumvi. Safari ile haikuwa ya kumwona mjukuu tu. Nilikuwa naenda Butere, anakokaa na mumewe, kumchukua binti yangu Ashley na mtoto wake wa wiki tatu, niwarudishe nyumbani. Kwenye kikapu, chini ya unga wa wimbi, nilikuwa nimeficha kamba mpya ya kufungia mizigo yake.

Kisa ni mumewe, Duke. Huyo ni Mgusii wa jina, kuzaliwa na kukulia Nairobi. Siku ya harusi alinikumbatia mbele ya kanisa zima. Kwetu Wagusii kuna heshima inaitwa chinsoni: mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono, wala hawali meza moja. Mimi Persis, mwalimu niliyefunza wasichana wa shule ya Sironga adabu miaka thelathini, nikakumbatiwa kama gunia la majani chai. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikaapa binti yangu hatakaa kwa mtu asiyejua kuheshimu.

Sasa nilikuwa Nairobi kutibiwa goti, na Duke ndiye aliyetumwa na Ashley kunileta kwa treni. Tulifika Kisumu asubuhi. Treni ya Butere ilikuwa iondoke baada ya masaa mawili hivi, nikamwambia nataka kuona ziwa. Nimelichora ubaoni miaka yote hiyo na sijawahi kulikaribia. Akatundika kikapu changu begani, akabeba na sanduku lake, akatangulia hatua kumi mbele. Nikaguna moyoni: hata kutembea nami hataki.

Lakini ziwa, jamani. Macho yalitafuta mwisho wake yakachoka. Magugu yalielea na maua yake ya zambarau, na ndege weupe walitembea juu yake bila haraka, utadhani wako shambani kwao. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kibandani tuliagiza samaki. Duke akanitafutia meza inayotazama maji, kisha akaenda kukaa meza ya mbali, akanipa mgongo hadi nilipomaliza kula. Hapo nikaanza kujiuliza maswali.

Honi ya treni ilitukuta njiani tukirudi. Stesheni tuliiona, lakini goti likakataa katakata. Ilikuwa njia nyembamba ya miguu, hakuna pikipiki wala mtu wa kuniegemea ila huyo mkwe. Treni ile ikituacha, tungengoja mpaka kesho yake. Duke akarudi, akasimama macho chini.

"Mama, siku ya harusi nilikukosea," alisema. "Sikujua. Ashley alinifunza baadaye, na nimeona haya mwaka mzima."

Akatoa mwavuli wake, akashika ncha, akaninyooshea mpini.

"Shika hapo, Mama. Mimi sitageuka."

Nikashika. Akanivuta polepole, kama ng'ombe wa maziwa anayepelekwa kwa daktari, na watu wakatutazama watakavyo. Nilipougua kwa maumivu alipunguza mwendo, na hakugeuka hata mara moja. Mlangoni pa behewa ngazi ilikuwa juu mno kwangu. Akalaza sanduku lake chini nikanyage. Nilisikia kifuniko kikipasuka, naye akajifanya hakusikia. Wanaume wangapi waliozaliwa Gesima kwenyewe wangefikiria hivyo? Mimi simjui hata mmoja. Nilimpenda kijana yule, na nikaona aibu kwa kile kilichokuwa kikapuni.

Butere, Ashley alimwaga unga kwenye ndoo, kamba ikadondoka. Akaitazama, akanitazama. Ananijua, huyo.

"Mama, kamba ya nini hii?"

Duke alikuwa nje, ametupa mgongo kama kawaida, anapasua kuni za kunichemshia maji ya goti.

"Ya kuanikia nepi," nikasema. "Mpelekee tata ncha moja aifunge kwenye mti."

Tata, yaani baba, ndivyo ninavyowaita wanangu wa kiume wa kuwazaa. Ashley alitoka na ncha ile akifuta machozi, mimi nikabaki mlangoni nimeshika hii nyingine.