Askari Saba wa Kitanda Namba Nne

Jumatano, saa mbili asubuhi, fundi cherehani alikuwa kitanda namba nne akisafishwa damu. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye mashine, wa kulia ukipiga pindo la gauni la mteja. Alikuwa na homa, ya tatu mwaka huo. Homa mbili za kwanza daktari aliziandikia "uchafu wa mgonjwa". Zikiandikwa hivyo tatu, upandikizaji unafutwa, na mdogo wake, aliyejitolea kumpa figo, alikuwa ameketi hapo kando ya kitanda. Na fundi mwenyewe hunawa mpaka ngozi inachubuka!

Mashine ikalia. Nesi akagonga mrija, wakatoka askari saba wa damu ya fundi, warefu kama sindano, nyuso zimevimba, mmoja amebebwa mgongoni. Nesi akawapangusa kwa pamba na kuwapanga kwenye trei.

"Wageni ni saa kumi," alisema.

"Sisi ni wa humu humu, dada," alijibu mkubwa wao. "Vijidudu tunavimudu. Wanaotupiga ni kingamwili, wenzetu wa nyumba moja. Vijidudu vinapoingia, sisi tuko chini tunakanyagwa."

"Si nilisema?" fundi alifoka. "Nimesema mpaka mate yamenikauka!"

Daktari alikuja, akawahoji mmoja mmoja, akapima majeraha yao kwa rula, akakiri kwamba wanasema kweli. Kesi kama hiyo aliiona kila mwezi. Lakini fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, "uchafu wa mgonjwa" na "uchafu wa wodi". Cha pili hakijapata kutiwa alama tangu wodi ifunguliwe, naye hakutaka kuwa wa kwanza.

"Chora cha tatu basi," alisema mdogo mtu. "Rula si unayo?"

"Fomu hazichorwi, dada. Zinaletwa."

Inachosha, inachosha mno, kubishana na mtu anayekubaliana nawe.

Daktari akatia alama kisanduku cha kwanza. Askari wakaomba kurudi kazini, maana hawakuwa na pengine pa kwenda. Nesi akawapitisha mrijani, yule wa kubebwa mwisho, kisha akampa fundi karatasi ya maelekezo ya kunawa mikono.

"Na figo yangu je?" mdogo mtu aliuliza.

"Kaa nayo tu," alisema nesi, akaenda kuandaa kitanda namba tano.