Miaka Hamsini ya Kura

Erasto, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, alitaka medali ya miaka hamsini ya kijiji chetu ibebe sura ya baba yake. Nikamwambia mbele ya kikao kwamba baba yake ndiye yule tuliyeletewa kutoka wilayani atuongoze, na kijiji kikamkataa kwa kunyoosha mikono, kura yetu ya kwanza. Mkono wa kwanza ulikuwa wa Bibi Tumpe. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwapo.

"Wewe Jacob una kinyongo kuliko mbogo," Erasto akasema.

"Ninacho. Ndicho kinachonifanya nisizeeke."

Tulibishana mpaka chai ikapoa, kamati ikachoka, nikashinda. Medali itakuwa na mkono wa Bibi Tumpe ulioinuliwa, na maneno MIAKA HAMSINI YA KURA. Wenyeviti wote wana picha ukutani pale ofisini. Yeye hajawahi kutajwa hata kwenye salamu, na nilitaka avalishwe angali anapalilia migomba yake mwenyewe.

Erasto akampigia simu fundi wa mihuri na medali aliyeko Mbeya, kijana wa kutoka mbali, jina lake Vicent.

"Andika, miaka hamsini ya kula. Chola na mkono wa mama, ameuinua."

"Ya kula, mzee?" simu ikauliza.

"Ee, kula. Kula ya kijiji kizima."

Nilikuwa ubavuni pake na masikioni mwangu ilikuwa kura, sawa kabisa. Ndimi zetu za Kinyakyusa hazina habari na r. Mimi mwenyewe wilaya yetu ya Rungwe huiita Lungwe.

Siku ya sherehe sanduku likafunguliwa mbele ya mkutano. Medali nzuri, shaba inang'aa. Mkono umeinuliwa, ndiyo, mpaka mdomoni, umeshika ndizi. Mwalimu Winfrida, mgeni wetu kutoka Tanga, akasoma kwa sauti: "Miaka hamsini ya kula."

"Hatimaye wamekiri," mtu akasema nyuma, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Erasto akalivuta sanduku. "Zirudishwe."

Ilinipasa nikasirike. Hasira ninazo za kutosha, nimeziweka tangu utotoni, lakini siku hiyo nilizitafuta nikazikosa. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Nilipoweza kusimama nikasema, "Basi tupige kura. Anayetaka zibaki anyooshe mkono."

Sijamaliza, mkono wa Bibi Tumpe uko juu. Tena wa kwanza. Ikafuata mikono ya uwanja mzima, na wa Leah, mke wa Erasto, akiwa amejifunika uso kwa kanga kwa kucheka.

Nikamvalisha bibi. Akaisogeza medali karibu na macho.

"Huyu anayekula ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Kumbe miaka yote wanakula wao, picha nimepigwa mimi." Akageuka. "Gwe Erasto, njoo uvae yako. Ila yako wameikosea. Hapa kuna ndizi moja tu."