Buti za Mdogo Wake

Asubuhi ya kwanza ugenini, mshonaji alitandika kitanda cha nyumba ya wageni, akavaa buti za mdogo wake. Zilimpwaya, akazijaza vipande vya kitambaa. Kampuni ya ujenzi ilikuwa imezirudisha kwa mama yao pamoja na ujumbe kwamba kijana ametoroka kazini. Mama hakulia wala hakukasirika. Aliuliza tu, "Mtu anatorokaje pekupeku?" Swali hilo ndilo lililomleta binti yake huko.

Mji ule hakuujua. Buti ziliujua. Zilikata kushoto kwenye duka la vioo, zikakwepa dimbwi lililokwisha kukauka, zikasimama kwenye kibanda cha chai. Muuza chai alizitazama kabla ya kumtazama aliyezivaa.

"Vijiko vitatu vya sukari, kama kawaida?"

"Mimi situmii sukari, mama."

"Wewe hutumii, mwanangu. Hizo zinatumia."

Akainywa vivyo hivyo. Buti zikashika njia tena. Nyumba zikapungua, lami ikaisha, yakaja mashamba ya alizeti, na hapo zikaongeza mwendo kama mtu aliyechelewa kazini. Zilifika kwenye daraja jipya, zikasimama mbele ya nguzo ya tatu, zikagoma kusogea.

Mshonaji akategea zege sikio.

"Dada, umezivaa bila soksi?" mdogo wake aliuliza kutoka ndani. "Zitakuchubua."

"Zimeshanichubua. Mama anauliza ulitorokaje pekupeku."

Nguzo ikacheka, vumbi likadondoka kidogo.

"Mwambie sijatoka hapa. Buti zilijaa maji, nikazivua, nikateleza zege likimiminwa. Msimamizi akasema kazi haiwezi kusimama."

Mlinzi akaja kumwomba asiegemee, rangi bado mbichi.

Ofisini kando ya daraja, karani wa kampuni alimsikiliza mpaka mwisho, bila haraka.

"Wa nguzo ya tatu? Namjua, ana maneno mengi huyo. Lakini kwetu ni mtoro, dada yangu. Na daraja linafunguliwa kesho."

Buti zilikataa kurudi. Mshonaji akazivua, akazipanga vizuri chini ya nguzo. Kwenye nguzo ya jirani palikuwa na kandambili, nazo zimepangwa vizuri.

Alirudi mjini taratibu, akichagua pa kukanyaga. Muuza chai alizitazama nyayo zake, akammiminia chai isiyo na sukari.

"Kumbe na wewe umetoroka," alisema.