Bunduki ya Kukunja ya Wekesa

Wekesa aliiweka ile bunduki juu ya meza ya kulia, katikati ya sahani za ugali, na mkewe, Nasimiyu, akasukuma chakula chake kando kwa sababu hamu ilimtoka palepale. Mwanamume mzima, mwenye duka la jumla hapa Lodwar, mafuta ya bunduki yanachuruzika kwenye kitambaa cha meza alichofuma mama mkwe wake, naye anachekacheka kama bwana harusi. Nasimiyu alimwonea kinyaa.

"Ona, Mama Wafula, inajikunja," alimwambia mkewe. Akaivunja katikati penye bawaba, mtutu ukalala ubavuni mwa kitako. "Inaingia chini ya kiti cha lori. Ni nyepesi, hata wewe unabeba. Haina madude mengi ya kuharibika. Kwa bei ile hupati nyingine, na leseni ninayo."

Ekal, dereva wao, alikuwa amesimama mlangoni na tumbaku shavuni.

"Inapiga ngapi, mdosi?"

"Moja."

"Halafu?"

"Halafu unaivunja, unatoa ganda, unaweka risasi nyingine."

"Na yule mwingine atakaa angoje?"

Nasimiyu alicheka mpaka akakohoa. Wekesa hakucheka.

Walipokwenda kuijaribu kwenye mchanga wa mto Turkwel, bunduki ilimpiga Wekesa teke la bega mpaka akayumba. Na hiyo moja yake si risasi moja, inatema marisawa, vile vichembe vya risasi vinavyotawanyika, na vilitawanyika kweli, kila mahali isipokuwa kwenye kopo alilolenga. Kisha ganda likagoma kutoka. Vumbi na joto vililibana mle ndani ya mtutu, Wekesa akavuta kwa kucha, akavuta kwa meno, mwishowe akalichokoa kwa kisu cha nyama alichokitoa jikoni kwa Nasimiyu bila kuomba. "Ni mpya," alisema, akifuta jasho. "Itazoea." Nasimiyu akabaki kukitazama kisu chake na kujiuliza kama atakitumia tena kumkatia mtu chakula.

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka yote lori lao lilipeleka samaki wakavu wa Longech, kule ziwani, hadi Kakuma, kwa Alek, mama wa Sudan Kusini mwenye kibanda katika kambi ya wakimbizi, na halikuwahi kubeba hata rungu. Kinga ya Ekal ilikuwa dumu la maji na fungu la tumbaku. Penye laga moja, mto mkavu wa mchanga, katikati ya safari walikuwa wakilisha mifugo vijana wachungaji, Lomuria na wenzake, na kila mara Ekal alisimama, akashuka, akasalimu, akatoa maji, akagawa tumbaku, akapewa habari za mbele. Mtu aliyekunywa maji yako hakuvamii, wala hamwachii mwenzake akuvamie. Lomuria alikuwa na bunduki begani kama wachungaji wengi wa huku, na Nasimiyu, aliyezoea safari hizo, hakuitilia maanani zaidi ya fimbo yake.

Wekesa aliyaita hayo kuombaomba porini. Safari hii, alisema, anakwenda mwenyewe, na wao watatembea kama watu.

"Mdosi, wewe kama iko na bunduki, wewe iko kwa vita," Ekal alimwambia. "Kama hauna, wewe ni mgeni tu. Hii barabara ndio shamba yangu. Ukiharibu, mimi nitapita wapi?"

"Utapita ninapokulipa upite."

Basi wakaenda, Ekal kwenye usukani, Nasimiyu katikati, Wekesa dirishani na lile dude lake limekunjwa miguuni. Penye laga vijana watatu walitoka kwenye vichaka vya migunga na mmoja akainua mkono.

"Ni Lomuria," Nasimiyu alisema.

Ekal alisimamisha lori, akachukua dumu na tumbaku, akashuka, akaanza kuwaendea. "Ejok," aliita, akiwasalimu kwa Kiturkana. Nasimiyu akasikia kitu kikilia kwa karibu, mtutu ukikunjuliwa na kufungwa. Aligeuka. Mumewe alikuwa amekwisha kuutoa dirishani, na bunduki ikalia.

Baadaye alidai alilenga juu, kuwatisha tu. Marisawa hayajui juu wala chini. Ekal alianguka kifudifudi na dumu likamwagika mchangani.

Lomuria alikuwa ameshika bunduki yake tayari. Angewamaliza wote pale na hakuna ambaye angemlaumu. Alimtazama Wekesa, na Wekesa alikuwa anafanya nini? Ameivunja bunduki mapajani, anakwaruza ganda kwa kucha, ganda halitoki, huku kamasi zinamtoka. Lomuria akatema mate. Akampa mwenzake bunduki, akavua shuka lake, akalikandamiza mgongoni kwa Ekal, kisha wakambeba wakampakia. Nasimiyu akashika usukani, naye Lomuria akapanda nyuma juu ya magunia ya samaki, akawaacha mbuzi wake, akamshikilia Ekal hadi Kakuma.

Pale hospitalini Ekal aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa hajitambui. Lomuria aliketi chini nje ya mlango, damu ya Ekal ikimkaukia mikononi. Na polisi alipofika, Wekesa akajipangusa uso, akanyoosha kidole.

"Tulivamiwa, afande. Huyu ni mmoja wao."

Nasimiyu alidhani hakusikia vizuri. Mumewe akamvuta kando, akamnong'oneza kwa pumzi ya moto, "Nyamaza. Yangu imekunjwa chini ya kiti, nitasema haijalia. Ekal ni mtu wetu, akiamka atasema tutakalomwambia."

Mtu wetu. Nasimiyu akajinasua mkononi mwake. Miaka yote hii amelala kitanda kimoja na hiki kitu. Afisa alikuwa ameshatoa pingu, na Lomuria alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, asielewe maneno lakini akielewa pingu.

Nasimiyu alikwenda kwenye lori. Alirudi ameibeba ile bunduki, imekunjwa vilevile, akamkabidhi afisa. Kwenye tundu la mtutu kitako cha shaba cha ganda kilikuwa bado kinang'aa, kimechimbwa na kucha pembeni. Afisa alipitisha kijiti upande wa pili, akalisukuma mpaka likatoka, akalinusa.

"Angelitoa mwenyewe, afande," Nasimiyu alisema, "lakini kisu changu cha nyama nilikiacha Lodwar."

Pingu zikahamia kwingine. Wekesa alimwita Mama Wafula mara nyingi akipelekwa, na Nasimiyu hakugeuka.

Alinunua chupa ya maji kwenye kibanda cha lango, akaifungua, akachutama mbele ya Lomuria. "Ejok," alisema. Lomuria aliitazama chupa, akamtazama yeye. Aliipokea, akaiweka chini kando ya mguu wake bila kunywa, akaendelea kumngoja Ekal.