Tangi Jekundu la Eufemia Archuleta

Eufemia Archuleta alinunua pikipiki yake mwezi wa Machi, mpya kabisa, kubwa, nyeusi, na wiki hiyohiyo akaanza kuifungua. Kaka yake Onésimo, jirani yake pale bondeni, mjini Española, alipomkuta ameshika spana alishika kichwa.

"We Femia! Watu wanafungua mashine zilizokufa, wewe unamfungua bibi harusi?"

"Bibi harusi huyu nguo zake hazinitoshi. Njoo unishikie hapa, acha maneno."

Hakuwa akitania. Alikuwa mfupi, na miaka ishirini na saba ya kuendesha basi la shule ilikuwa imemkaza mgongo. Usukani ule ulimfanya ajinyooshe kama mtu anayechuma tunda kwenye ua wa jirani. Akaagiza mwingine, mrefu, uliopinda kumrudia dereva. Waya zikakataa kupita ndani ya bomba la usukani huo. Akazipaka sabuni, akazifunga uzi, akavuta mchana kutwa hadi zikatokeza upande wa pili, akapiga kelele za furaha hadi majirani wakachungulia. Kiti akakishusha, akakivisha ngozi. Egzosi za kiwandani zikatoka, zikaingia ndefu, zenye ncha kama mkia wa samaki.

Ikabaki rangi, na kwa rangi alikuwepo Wilfredo Quintana. Kwa miaka arobaini mzee huyu alikuwa amepaka magari na pikipiki za bonde lile, na watu walimletea matangi ya mafuta ya pikipiki zao kutoka Albuquerque, wakayasubiri miezi bila kunung'unika.

"Rangi gani, dada?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ziko mia."

Eufemia akafikiri. "Ile ya magenge ya miamba ya njia ya Chimayó, jua linapoyapiga asubuhi. Nayapita kila siku na basi."

Kesho yake, Eufemia akiwa kazini, watoto wakaanza kupiga makelele viti vya nyuma.

"Bi Archuleta! Kuna mzee anatufuata!"

Akatazama kiooni. Wilfredo na gari lake kuukuu, anasimama basi linaposimama, anaondoka linapoondoka.

"Mwacheni," akasema. "Anatafuta rangi."

Walipofika kwenye magenge, mzee akaegesha, akapanda nyuma ya gari lake, akawa anainua vipande vya bati alivyovipaka nyekundu mbalimbali, kimoja kimoja, anavilinganisha na mwamba. Watoto walimpungia mkono. Hakuwaona.

Kwenye tangi Wilfredo alianza na rangi ya fedha, kisha nyekundu nyepesi kama chai, tabaka juu ya tabaka, hadi kumi na moja. Juu yake akachora mistari kwa brashi ya nywele ndefu, myembamba kama uzi, akizuia pumzi tangu mwanzo wa mstari hadi mwisho. Eufemia alizoea kupita karakanani kwake baada ya kazi, asimame tu mlangoni, atazame mkono ule ukienda bila kusita.

Alikuwa ameahidiwa tangi kabla ya Jumapili ya gwaride la magari na pikipiki za mji. Jumamosi Wilfredo akamwambia, "Bado."

Nondo alikuwa ametua kwenye vanishi ikiwa mbichi, akaacha mguu mmoja. Ilibidi Eufemia apige magoti ndipo auone, mfupi kuliko kope.

"Nani atauona huu, mzee wangu?"

"Mimi."

"Nimeshautangazia mji mzima! Watoto wangu wote wa basi watakuwa barabarani kesho!"

"Basi watangazie tena."

Akaondoka amefura. Jumapili akarudi, amekusudia kulibeba tangi hivyohivyo. Akamkuta Wilfredo ameinama na msasa na maji, anaisugua ile kazi yote: vanishi, mistari, hata upande ambao haukuwa na kasoro.

"Huku kuna nini tena?"

"Hakuna kitu. Lakini nikirudia upande mmoja, pande mbili hazitakuwa na kina sawa cha rangi."

Hasira ikamwisha Eufemia. Akavuta kigoda, akachovya kipande cha msasa, akaanza kusugua upande wa pili. Nje honi za gwaride zilipita, muziki ukatikisa mabati. Hakuna aliyeinuka kwenda kutazama.

Baada ya wiki tatu tangi likakaa mahali pake. Kivulini lilikuwa karibu jeusi. Eufemia akaisukuma pikipiki hadi juani, na ule wekundu ukafunguka kutoka ndani, ukawa unaenda chini na chini, mtu angedhani akitumbukiza mkono utazama. Akaizunguka mara mbili.

"Sema basi," Wilfredo akamwambia.

"Nikisema nitalia, nawe utanicheka. Panda nyuma twende."

Mzee akarudi hatua. "Hapana, dada. Sijawahi."

"Hujawahi nini?"

"Kupanda pikipiki. Mimi napaka tu."

Eufemia akacheka hadi akashika usukani asianguke. Kisha akamvisha kofia, akamkaza mkanda wa kidevuni kama anavyowafanyia wadogo wa basi, akawasha. Walitoka taratibu. Kwenye kona ya kwanza Wilfredo alimkumbatia kiunoni akiwaita watakatifu wote kwa majina. Kwenye ya tatu alikuwa amenyamaza. Walipofika njia iliyonyooka kuelekea milimani, Eufemia akahisi kofia ya mzee ikimgonga begani.

"Dada," akapaza sauti juu ya mngurumo, "hii haikimbii zaidi ya hapa?"