Programu Isiyojua Haraka

Ethuro alikuwa na hakika kwamba wanawake wa Kakuma hawajui kupanga foleni. Kabla ya yeye kuja kuwaokoa, kwenye bomba la mtaa wao mitungi ya manjano ilipanga foleni kwa niaba ya wenyewe. Mtu aliweka mtungi wake akaenda zake kupika, na Mama Nyachuol, msimamizi wa bomba, alijua kila mtungi ni wa nani, nani ana mgonjwa nyumbani, nani apite kwanza. Yote aliyaweka kichwani. Ethuro alimhurumia.

Yeye alikuwa akijiandaa kwa kozi ya miundo ya data katika chuo kimoja cha Lodwar, kozi ya kufundisha jinsi kompyuta inavyopanga mambo yake, na sura ya foleni alikwisha kuisoma mara nne. Wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka, basi. Nafasi zilikuwa thelathini, za watakaotangulia kufika. Kila mwombaji alitakiwa kuleta programu aliyoiandika mwenyewe, pamoja na barua ya mtu anayeitumia, kabla ya saa tisa Ijumaa. Kaka zake wawili walikosa chuo wakarudi nyumbani. Ethuro aliapa hatakuwa wa tatu.

Basi akaandika programu ya bomba. Unatuma ujumbe, unapewa namba, unangoja uitwe. Mitungi ikaondolewa kwenye mstari, Mama Nyachuol akapewa simu yenye programu. Siku ya tatu akaja Nyakong, jirani, na mtoto mwenye homa mgongoni, akaomba apite.

"Namba yako ngapi?" Ethuro akamwuliza.

"Sitini na mbili. Lakini mtoto iko moto sana, kaka."

"Programu haijui homa, dada. Ikijua homa leo, kesho itajua shemeji."

Aliipenda sana sentensi hiyo, hata akawasimulia rafiki zake mara mbili. Nyakong alingoja juani.

Ijumaa asubuhi Ethuro alikwenda bombani na barua yake tayari, imebaki sahihi tu. Mama Nyachuol hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Namba yako ngapi?"

"Mama, mimi sitaki maji. Nataka sahihi, na gari la Lodwar linaondoka."

"Mimi nahudumia namba. Si wewe ulinifundisha?"

Wanawake walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nacho cha Ethuro hakikuwa kifupi: alituma ujumbe kwa hasira, akapata namba arobaini na saba. Mbele yake, namba arobaini na sita, alikuwa Nyakong, mtoto amekwisha kupona.

"Ningekupisha, kaka," akasema kwa upole, "lakini programu inakataa."

Saa tano na nusu sahihi ikapatikana. Chini yake Mama Nyachuol aliongeza mstari wake mwenyewe: Inafanya kazi. Hata mwenyewe alingoja.

Alifika Lodwar saa nane na nusu, shati limeganda mgongoni. Foleni ilikuwa mbele ya chumba cha kompyuta, naye akaihesabu mara mbili, labda ya pili ingekuwa na huruma. Alikuwa wa thelathini na nne.  Akilini aliwaona kaka zake wakimsogezea kigoda akae nao.

Mlango ukafunguka, akatoka karani aitwaye Lokaale.

"Kuna mtu ametoka mbali?"

Mkono wa Ethuro ulipaa bila kuiuliza akili. "Mimi! Natoka Kakuma!"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema karani, akamshika bega na kumpeleka mbele kabisa. Kisha akahesabu watu thelathini, akawaingiza, akafunga mlango. Msichana mmoja aliyefunga kompyuta yake kwa leso alikuwa wa thelathini. Sasa alikuwa wa thelathini na moja. Hesabu hiyo Ethuro aliifanya bila kompyuta, akatazama sakafu.

Ndani, Mwalimu Mugure, aliyesimamia kozi, alisoma barua, akafurahi sana.

"Hakuna anayeruka foleni?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hata mwenye shida?"

"Hata yeye."

"Safi. Watu wa namna hii ndio tunaowataka." Akaandika jina lake.

Alipotoka, yule msichana alikuwa bado amekaa kwenye ngazi, anakaza upya fundo la leso.

"Ejok," akamsalimu. "Mimi ni Akoru. Kakuma ni mbali?"

"Mbali kidogo," akajibu Ethuro. "Wewe ni wa hapa?"

"Hapana, natoka Lowarengak. Nimekuwa njiani siku mbili. Karani alipouliza nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa ndani ya thelathini."

Ethuro aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Mlango ulikuwa nyuma yake, hatua tatu, na haukufungwa kwa ufunguo. Alisimama palepale.

"Na programu yako ni ya nini?" Akoru akamwuliza.

"Ya foleni. Mtu asimruke mwenzake."

"Hiyo ni kazi nzuri," akasema Akoru, wala hakuwa na kejeli. "Kwa foleni watu wanaonewa sana."