Pampu Isiyotumia Dizeli

Jana saa nane mchana niliota nimeitwa kutengeneza pampu.

Nilikuwa wodini, kwenye benchi kando ya kitanda cha mke wangu, Mama Kiula. Ilikuwa siku ya tano ya homa. Bakteria walikuwa wameingia kwenye figo zake, na sindano zilikuwa haziwashtui hata kidogo. Muuguzi alikuwa ametoka tu kumchoma nyingine. Nikafumba macho niombe dua, nikasikia sauti ikiniita: "Fundi Mkumbo! Njoo na spana."

Miaka ishirini na miwili natengeneza pampu za visima hapa Singida, sijawahi kukataa wito. Nabeba vifaa, naifuata sauti. Njia ilipita ndani ya bomba la sindano. Nikainama nikapita.

Nikatokea mbele ya ukuta laini kama utando wa maziwa. Katikati yake imesimama pampu.

Jamani! Haina injini, haina tangi la dizeli, haina hata mkanda. Imepenya ukuta wote kutoka ndani hadi nje. Vichembe vidogo vya tindikali vinajipenyeza kuingia ndani, na kila kimoja kikipita, pampu inasogea hatua moja. Nilivua kofia.

"Nani aliyekuunda?" nikauliza.

"Hakuna," pampu ikajibu. "Nipo tangu kabla ya watu. Ila leo nina kwikwi. Hebu nitazame."

Kweli, kuna mahali palilegea. Sasa fundi gani ataona pampu imelegea aondoke zake? Naingiza spana, nakaza robo mzunguko tu. Pampu inanguruma kwa raha, nami nasimama pale nikitabasamu kama bwege.

Ndipo dawa zilipoanza kufika. Zinapiga hodi, zinaingia moja moja kwa adabu, na pampu inazinyakua na kuzitupa nje kabla hazijaketi. Moja ikaanguka miguuni pangu. Ilikuwa na kibandiko chenye jina la mke wangu.

"Baba Kiula," ikaniambia ikihema, "umefanya nini?"

Nikaitazama spana mkononi mwangu.

"Usimgombeze," pampu ikasema. "Huyu ni mtu wetu sisi bakteria. Mwezi uliopita mkewe alipopata nafuu siku ya tatu, ni yeye aliyemwambia aache vidonge, vilivyobaki vitunzwe. Wenzetu wenye pampu dhaifu walikuwa wameshakufa. Tukabaki sisi."

Nikageuka. Ukuta ulikuwa umegawanyika ukawa miwili, kisha minne, kisha sikuweza kuhesabu, na kila mmoja una pampu mamia kwa mamia, zote zinafanya kazi bila fundi. Niliogopa, sikatai. Lakini nilistaajabu zaidi. Maisha yangu yote sijawahi kuona kazi safi namna ile, na kazi yenyewe ni kumuua Mama Kiula.

"Niambie jinsi ya kukuzima," nikasema.

"Fundi ni wewe."

Mfukoni nilikuwa na mpira mmoja mweusi wa kuzibia bomba. Nautoa. Mkono unagoma, kwa sababu sijawahi kuharibu pampu nzima. Nausukumiza kinywani mwake huku machozi yananitoka. Pampu inakohoa, inakwama. Ile dawa inainuka, inajipangusa vumbi, inaingia ndani na kuketi.

"Hiyo ni moja," pampu ya jirani ikasema kwa upole. "Bado sisi." Ikanikamata kiunoni, ikanitupa nje.

Nikaanguka chini ya benchi. Muuguzi alikuwa amesimama na sinia.

"Pole, baba. Daktari amebadilisha dawa. Hizi ni za siku kumi na nne."

"Mpe zote, mwanangu," nikamwambia kabla sijainuka. "Hata akiamka anacheza ngoma, mpe zote. Mwezi uliopita aliacha vidonge siku ya tatu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Alinitazama kidogo, akaandika kwenye faili.

Mama Kiula akafumbua macho. Akajishika ubavuni, pale palipokuwa pakimliza siku zote tano.

"Baba Kiula, kuna kitu kimekwama huku. Hakiumi. Kimekaa tu, kama mpira."

Nikatia mkono mfukoni. Spana ilikuwemo, imelowa. Nikaupindua mfuko nje, nikaukung'uta mara mbili.